Kibati cha Upande wa Pili

Nina tabia moja ambayo wakwe zangu waliisema mpaka wakachoka. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijapewa hata kiti, macho yangu yameshapanda juu kwenye kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba bati. Wengine hudhani natafuta utando wa buibui nipate cha kuwasengenya. Wengine husema nina majivuno. Si hilo wala lile, ndugu yangu. Ni woga. Ulinishika nikiwa na miaka kama kumi, na sasa nina vitukuu na bado haujaniachia.

Mwezi wa tatu mdogo wangu alinipigia simu, kwa ile sauti yake ya kupayuka kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Dada, wanalibomoa lile darasa la zamani. Ukitaka kuliona, njoo kesho, keshokutwa hulikuti." Nilikuwa nachambua mboga hapa kwangu Turwa. Nikachanganya majani mazuri na yaliyooza, mjukuu akanicheka. Kesho yake asubuhi nikapanda gari kwenda Itiryo, kijijini tulikozaliwa.

Nilikuta bati zimeshashushwa, na kenchi kadhaa zimelazwa kwenye nyasi. Fundi, kijana mwenye heshima zake, alinipa shikamoo akaendelea na kazi. Alikuwa anabandua vile vibati vya kuungia mbao kimoja kimoja na kuvitupa kwenye rundo. "Bibi, hebu ona vitu vya wazee!" akasema. "Hili ni pipa la lami kabisa, wamelikata!" Akanionyesha vya kwake, vipya, vimejaa kwenye boksi, vya kiwandani, vina meno upande mmoja kama kikwangulio. Vizuri kweli. Lakini mimi macho yalikuwa kwenye rundo. Vyekundu, vyeusi, vya kahawia vyenye madoa. Nilivitambua, nakuambia, kama mtu anavyotambua ng'ombe wa babake. Nikaomba kiti.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Baba yetu, tata kama tulivyomwita, alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye mgodi wa dhahabu kabla sijapata akili. Alirudi na vitu vitatu: kikohozi, sanduku la bati la kuwekea zana, na ufundi. Sanduku lilikuwa la kijani, na juu ya kifuniko palikuwa na namba sabini na saba imeandikwa kwa rangi nyeupe. Hiyo ndiyo namba waliyomwitia kule. Alilipenda sanduku lile kuliko shati. Jioni alilipangusa kwa kitambaa, akafunga kifuniko, na ole wake mtoto atakayelikalia.

Nyumba zetu wakati ule zilikuwa za nyasi. Paa la nyasi halina makelele. Mvua ikinyesha unaisikia kama mtu anayenong'ona na mwenzake, na moshi wa jikoni unapenya taratibu juu, na mboga ya mgagani inanukia hadi kwa jirani. Miti ya paa ilifungwa kwa kamba. Kamba inazunguka pande zote, haina mbele wala nyuma, na kila mwanaume aliijua kazi hiyo toka utotoni. Ndipo watu wa kanisa wakaamua kujenga darasa, la kwanza kijijini kwetu, na wakaamua liwe la bati. Bati nzito haibebwi na fito za kufungwa kwa kamba. Wakamwita baba.

Mbao zilikuwa fupi. Hatukuwa na mbao ndefu za kutosha upana wa darasa, kwa hiyo ile mbao ya chini ya kila kenchi ilibidi iungwe katikati, vipande viwili kichwa kwa kichwa. Baba alikuwa ameona mgodini jinsi ya kufanya. Unachukua pipa la lami lililokwisha, unalichoma moto lami iishe, unalipasua, unaliponda kwa jiwe mpaka liwe tambarare, kisha unakata vibati vya ukubwa wa kiganja. Pale mbao zinapokutana unapiga kibati kwa misumari. Kimoja mbele, kimoja nyuma. Hili alilisema mpaka tukaliota: "Mbele na nyuma. Kibati kimoja ni kama kushika tonge kwa kidole kimoja."

Harufu ya lami ile ilikaa kwenye nywele zetu wiki nzima. Mama alilalamika kuwa hata maziwa ya mgando yananuka lami. Mimi nilikuwa nafurahi ajabu, kwa sababu kazi ya kutunza vibati nilipewa mimi. Wavulana walikuwa malishoni, na baba alisema nina jicho.

Jicho hilo maana yake ni hii. Kwetu hatukuhesabu. Bibi, mama yake baba, alikuwa mkali sana kwa hilo: ng'ombe hawahesabiwi, watoto hawahesabiwi, wala kitu chochote usichotaka kipungue. Jioni ng'ombe wakiingia zizini, baba alisimama langoni akitazama tu, na kama kuna aliyebaki porini alimjua kwa sura. "Yule mwenye paji jeupe yuko wapi?" Basi na vibati vikawa hivyo hivyo. Alivikata viwili viwili kutoka sehemu moja ya pipa, vikawa na rangi moja, nami nikavifunga kwa katani kama maksai wawili kwenye nira. Nilivipa majina ya ng'ombe wetu. Mwalimu alipopita na kuuliza viko vingapi, baba alicheka kidogo akakohoa. "Mwalimu, kule mgodini walituhesabu asubuhi, wakatuhesabu jioni, na bado watu walipungua."

Sasa bibi alikuwa na kihenge chake cha ulezi nyuma ya nyumba. Ulezi ule ndio uliokuwa uji wetu mpaka mavuno, na mwaka uliotangulia tulikuwa tumejua njaa, usiniulize. Panya wakatoboa kihenge chini. Bibi akaziba kwa udongo, wakatoboa. Akaziba kwa samadi, wakatoboa. Asubuhi moja alinikuta nimekaa na vibati vyangu, akachuchumaa mbele yangu, yeye mtu mzima, akanishika magoti.

"Mjukuu wangu, nipe kamoja tu. Kamoja ka kuziba mdomo wa yule shetani."

"Bibi, hivi ni vya darasa."

"Vyote hivyo? Kwani umevihesabu?"

"Hatuhesabu, bibi."

"Basi nani ataona?"

Nilikuwa na jibu. Nitaona mimi. Lakini ungemkatalia wewe? Mwanamke aliyenilea mgongoni, aliyelala bila kula ili mimi nile. Nikafungua jozi moja ya kahawia yenye doa, nikampa kimoja. Nikajiambia jioni nitamwambia baba akate kingine. Bibi alikipiga kwenye kihenge kwa misumari minne midogo, moja kila pembe, na panya wakakoma.

Jioni baba alirudi akavitazama vibati vyangu, akaniambia mbele ya mama, "Huyu mtoto ana jicho kuliko mimi." Hakuwa mtu wa kusifu. Maneno yangu yakarudi tumboni. Nikasema kesho.

Kesho yake wingu likatanda upande wa Kenya, jeusi tii, na wazee wakasema haifai kungoja, kenchi zipande leo. Ikapigwa mbiu ya risaga, ile kazi ya kuitana, ambapo kijiji kizima kinakuja kwako na kesho unakwenda wewe kwa mwingine. Kwa kawaida mwenye kazi hupika pombe. Kwa kuwa darasa lilikuwa la kanisa, wanawake walileta togwa, na kuna wazee walionung'unika mpaka jua linazama.

Kenchi zilikuwa zimelazwa chini, upande mmoja umeshapigwa vibati. Kazi ilikuwa kuzigeuza na kupiga upande wa pili. Mimi nilitangulia nikiweka kila kibati mahali pake, baba akifuata na nyundo. Tulikwenda vizuri. Nilipofika kenchi ya mwisho, kwenye muungo wa katikati wa mbao ya chini, mkono wangu ulikuwa mtupu. Nikasimama. Wakati huo huo tone la kwanza likaanguka, na baba akapanda ukutani kupokea kenchi zilizokwisha, akamwachia nyundo jirani yetu.

Jirani yule alikuwa mtu mwema, mfugaji, maisha yake yote paa alilijua kuwa ni kamba. Alipiga palipokuwa na kibati. Pasipo na kibati akapita. Kwake muungo ule ulikuwa umeshashikwa, si kuna bati upande ule mwingine?

"Haya mura, haya vijana, inueni, mvua hiyo!" akapiga kelele.

Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa na mdomo. Wanaume wakaiinua huku wakiimba, nikaiona inapanda, na upande wake mtupu ukageukia ukuta wa mbele, mahali ambapo mwanga hauingii. Niliitazama mpaka ikatulia. Kisha nikaenda kunywa togwa kama watu wengine, nikaitapika nyuma ya mkaratusi.

Darasa likafunguliwa. Na unafikiri watoto wadogo waliketishwa wapi? Mbele. Chini ya kenchi ile ile. Mdogo wangu, ambaye ndio kwanza meno ya mbele yalikuwa yanamtoka, alikaa katikati kabisa akichora ng'ombe kwenye vumbi.

Sijui nikuelezeje miezi ile. Wenzangu waliimba irabu, mimi natazama juu. Mwalimu akauliza saba na tano, mimi natazama juu. Alinichapa vidole kwa fimbo ya mkaratusi. "Wewe, majibu yameandikwa kwenye bati?" Darasa zima likacheka, na mdogo wangu akacheka kuliko wote. Bati lilikuwa na sauti zake. Jua likipanda lililia ta, ta, ta, na kila ta ilinipita mgongoni. Muungo ulianza kufunguka kwa chini. Mwanzoni ni mstari tu, kama uzi. Mvua za kwanza zikaja, ukawa upana wa ukucha. Nilimwambia mdogo wangu abadili mahali, akakataa, akasema pale ndipo anapomwona mwalimu akipiga chafya. Nikampa kiazi changu ahame. Alikila na hakuhama.

Unaweza kuniuliza kwa nini sikusema. Nilijiuliza hivyo kila siku nikienda kisimani. Nikisema, bibi ataitwa mwizi wa mali ya kanisa mbele ya watu wote, mwanamke mzee aliyefanya kosa la kutaka tule. Kibati kitabanduliwa, panya watarudi. Na baba atajua jicho langu ni la uongo. Nisiposema, nilikuwa na mdogo mmoja tu. Asubuhi moja nilikwenda kwa baba na maneno mdomoni. Alikuwa anapangusa sanduku lake. Akaniuliza, "Kuna nini?" Nikasema, "Hakuna kitu, tata."

Kisha ikaja ile mvua ya mawe. Wenyeji wa huku tunaijua, inakuja mchana baada ya joto, na kabla yake ndege wananyamaza. Ilipiga bati kwa kishindo ambacho hakuna aliyewahi kukisikia maishani, kwa maana wote tulizaliwa chini ya nyasi. Watoto waliziba masikio. Mwalimu alikuwa anafungua mdomo na hakuna neno linalosikika. Mimi nilikuwa natazama mbao ile. Barafu ilikuwa inalundikana juu, na muungo ulikuwa unapinda kuelekea upande mtupu, taratibu, kama mtu anayegeuza shingo. Vumbi jembamba la mbao likamwangukia mdogo wangu kichwani. Akalipangusa.

Nilipiga yowe. Sijawahi kupiga yowe kama lile, hata kwenye uchungu wa kuzaa. "Tokeni! Linaanguka! Tokeni!" Nilimshika mdogo wangu mkono nikamburuta, na wengine wakafuata kwa hofu, tukamwagika nje kwenye mawe ya barafu yenye ukubwa wa mayai ya njiwa. Yalitupiga, nakuambia. Watoto walilia, wengine walivimba, na mdogo wangu akapasuka juu ya jicho, damu ikamjaa usoni. Nikamlalia mpaka mvua ilipopita.

Tukainua macho. Darasa lilikuwa limesimama.

Mwalimu alikuja kwangu akitetemeka kwa hasira, fimbo mkononi. Wazazi wakafika mbio, wanawake wakiwabeba watoto wao, wazee wa kanisa nao, na kila mtu akauliza ni nani aliyewatoa watoto kwenye nyumba nzima akawaleta kwenye mawe. Baba hakuuliza. Alileta ngazi, akaingia, akapanda. Alikaa kule juu muda mrefu. Aliposhuka uso wake ulikuwa wa kijivu. "Asirudi mtu humu," akasema. "Kibati cha upande wa pili hakipo. Misumari ya upande mmoja imebaki kwenye ncha. Mvua nyingine kama hii, mngezika watoto."

Kisha mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Kilikwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipomwona bibi. Alikuwa anapita katikati ya watu, miguu peku kwenye barafu, ameshika kitu kifuani. Alikuwa amesikia watu wakisema "linaanguka" tokea mbali, na bibi hakuwa mjinga. Alifika mbele ya baba, akakunjua kiganja. Kibati cha kahawia chenye doa, na matundu manne madogo pembeni, na punje za ulezi zimeng'ang'ania.

Baba alikitazama. Alikijua, kwa sababu alikikata mwenyewe. Kisha akanitazama mimi. Nilifungua mdomo. Mungu shahidi wangu, niliufungua.

"Mama, hicho si cha hapa," baba akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Hicho ni kipande nilichokupa mwenyewe. Cha hapa nilisahau kukata. Ni kosa langu, mimi fundi. Rudi nyumbani, mama, kuna baridi."

Nikaufunga mdomo.

"Fundi gani anasahau?" mzee yule akasema, na hakusema kwa ubaya. Kesho yake baba aliingia darasani peke yake na akapiga kibati kingine. Walipojenga kanisa lenyewe waliita fundi kutoka ng'ambo ya mpaka. Walipojenga zahanati, hali kadhalika. Baba hakuitwa tena kwenye kenchi hata moja. Alilima, akachunga, akakohoa. Sanduku lake la kijani lilikaa uani bila kifuniko, zana zikaota kutu, na mwishowe kuku wakawa wanatagia humo. Niliona, nikadhani amelikatia tamaa. Kuhusu kibati hakuniambia neno, wala mimi kwake. Bibi alifariki kabla ya mavuno mawili kupita. Na mimi, baada ya mvua ile, nilimaliza masomo yangu katika darasa lile bila kuinua macho juu hata siku moja. Nyumba za watu zote natazama. Ile sikuweza.

Basi ndiyo nikawa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mbele ya rundo. Mdogo wangu alikuwa kando yangu, mzee sasa, kovu lake juu ya jicho limezama kwenye mikunjo. Kijana fundi akafika kenchi ya mwisho, akatia nondo kwenye muungo wa katikati, akabandua.

"Hiki si cha pipa," akasema. "Hiki kina rangi."

Alinipa. Kilikuwa kizito kuliko vingine, cha kijani, na kutoka upande mmoja hadi mwingine palikuwa na mstari mweupe unaoshuka kwa mshazari. Nilikigeuza mara mbili ndipo nikaelewa ninachokiona. Ilikuwa saba. Saba nzima, na kipande cha nyingine. Pipa la lami lilikuwa limekwisha, ndugu yangu. Alikuwa amekata kifuniko cha sanduku lake.

Nililia bila aibu. Mdogo wangu akadhani nalilia darasa, akanipiga piga mgongoni. "Yote hupita, dada."

"Baba hakusahau," nikamwambia. "Kibati nilimpa bibi mimi. Azibe kihenge. Nikakaa kimya siku ile, na nimekaa kimya hadi leo."

Akaligusa kovu lake, kama anavyofanya akifikiri. "Kwa hiyo lile sanduku la kuku..." akasema, na hakumaliza. Akachukua kibati kutoka mkononi mwangu, akakishika kwa mikono miwili.

Leo hakuna vihenge kule, watu wanaweka nafaka kwenye magunia ya nailoni. Risaga imebaki jina, kila mtu ana fundi wake na ratiba yake. Walionijua nikiwa mtoto wamebaki wa kutafuta kwa tochi. Baba yuko chini ya mkaratusi uleule niliotapikia togwa, na pale kijijini bado kuna wanaomkumbuka kama fundi aliyesahau. Nimemwambia mdogo wangu awaambie. Nimekuambia na wewe.

Kabla sijaondoka, vijana walikuwa wamemaliza kenchi moja mpya, imelala kwenye nyasi, vibati vyake vya meno vinang'aa. Wakainama waiinue. Nikasimama.

"Subirini kwanza."

"Bibi, viko sawa," fundi akasema kwa upole. "Nimevihesabu mara mbili."

"Najua, mwanangu. Igeuzeni."

Wakatazamana. Kisha wakaigeuza.